Wali wa Ukwaju wa Sikukuu ya Mto

Kaka yangu Seshadri hajui kuzungusha maneno. Alinipigia simu Jumanne kutoka Chennai, hata salamu hakumaliza. "Kothai, tunakuja kwa sikukuu ya mto. Tukimkuta Amma yuko sawa, atabaki nyumbani kwake mwaka mwingine. Tukimkuta hayuko sawa, Ijumaa anaondoka na sisi na nyumba inafungwa. Na wewe usianze maneno yako."

Maneno yangu! Kama si maneno yangu, yeye angejuaje lolote? Mimi ndiye niliyemwambia kwamba Amma, mama yetu, alisahau gesi ikiwaka mpaka sufuria ikatoboka. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu huu, kwa sababu siku ile nilishtuka nikahitaji mtu wa kumweleza, na mume wangu Sampath ukimweleza jambo anakujibu "tulia" halafu anafungua gazeti. Wiki mbili baadaye Amma akamwita Seshadri kwenye simu kwa jina la marehemu baba. Mara moja tu, na akajirekebisha mwenyewe. Lakini Seshadri ni mtu wa bima. Kutwa kazi yake ni kutafuta nyufa kwenye nyumba za watu, na ufa huu wa kwetu akawa ameshauona.

Amma ana miaka sabini na saba. Anaishi peke yake hapa Srirangam, mtaa wa nyuma ya hekalu, na kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Jiko lile ni lake tangu alipoletwa bibi harusi. Ukimtoa mle ndani umemtoa roho, na hapo sitii chumvi hata kidogo. Huko Chennai wanakaa ghorofa ya tisa. Wifi yangu Hemalata ana mpishi anayekuja na kuondoka, na Amma angepewa kiti mbele ya televisheni aambiwe apumzike. Apumzike nini? Nani alimwona amechoka?

Kwa hiyo siku ya kumi na nane ya mwezi wa Aadi, siku tunayoupelekea mto Kaveri wali wa kila aina, mimi niliamka mapema. Nikaoga, nikamgombeza Sampath bila sababu, nikaenda kwa Amma karibu mbio.

Nilimkuta jikoni ameshamaliza nusu ya kazi. Wali wa nazi tayari, wa ndimu tayari. Na ule wenyewe, mfalme wa siku, wali wa ukwaju tunaouita puliyodarai, ndio aliokuwa anauandaa. Wali mweupe ulikuwa umemwagwa kwenye sinia pana la shaba upoe, umenyunyiziwa mafuta ya ufuta na manjano kidogo. Pembeni ilikaa sufuria ya rojo la ukwaju lililochemka mpaka likawa jeusi, mafuta yakielea juu. Harufu ya mvuje na pilipili kavu ilinipokea tangu barazani, nikameza mate kama mtoto.

"Umechelewa," akasema bila kugeuka.

"Amma, ni saa kumi na mbili na nusu!"

"Ndiyo hiyo, umechelewa. Kata majani ya mgomba, na usinisimamie kichwani."

Kusimamiwa kichwani ndicho kitu anachokichukia kuliko vyote duniani. Wiki tatu nyuma nilimwuliza, kwa upole kabisa, kama amezima gesi. Aliweka mwiko chini akanitazama. "Niulize tena swali kama hilo, Kothai, na mlango huu utaukuta na kufuli." Amma hatishi bure. Mwaka juzi Jembakam wa nyumba ya pili alimwuliza kama macho yake bado yanaona tundu la sindano, hawakusemezana mpaka sikukuu ya taa.

Basi nikakaa kwenye kizingiti nikawa nakata majani, jicho moja kwenye kisu, jicho la pili kwake. Nilimfuata hatua kwa hatua. Haradali, zikapasuka. Dengu, zikawa nyekundu. Karanga. Majani ya bizari, yakalia kwenye mafuta. Unga wa uwatu na ufuta aliokuwa ameukaanga na kuusaga alfajiri. Kila kitu kwa mpango wake, mkono haukusita hata mara moja, na mimi nikaanza kupumua. Nikajisemea moyoni, Seshadri leo ataona haya mwenyewe.

Halafu akavuta mtungi wa chumvi.

Akafunua kifuniko, akatia mkono, akatoa konzi ya chumvi ya mawe. Mkono uko hewani, kati ya sinia la wali wa ukwaju na sufuria ya wali wa mtindi, mara Pappathi muuza maua akapiga kelele getini: "Amma! Maua ya mto! Hili geti la kumi leo, sisimami mimi!" Amma akairudisha chumvi mtungini, akajipangusa mkono, akatoka. Wakabishana kule nje kuhusu urefu wa kamba ya maua, maana Amma hupima kamba kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na Pappathi hupima kwa mkono wa Pappathi. Aliporudi akayaloweka maua kwenye beseni, akaenda moja kwa moja kwenye sinia, akaumwagia wali lile rojo, akaanza kuchanganya kwa mikono miwili, taratibu, akinyanyua kutoka chini. Wali ule Amma hachanganyi kwa mwiko hata umfanye nini. Anasema mwiko unavunja punje.

Na chumvi? Chumvi haikurudi.

Nikangoja. Nikasema sasa hivi atakumbuka. Akamaliza kuchanganya, akasawazisha, akafunika kwa jani la mgomba. Akanawa. Akaniambia, "Umekaa hapo kama mgeni. Nenda kamwagilie mtulasi." Nikaenda uani kwenye huo mrihani wetu mtakatifu, nikamwaga maji nusu shinani, nusu miguuni mwangu, nikarudi mbio. Mtungi wa chumvi ulikuwa umeshafunikwa na kurudishwa kwenye rafu yake.

Sasa, mtu wa nyumba nyingine angesema: onja. Kijiko kimoja tu, umalize mashaka. Lakini kwetu chakula cha sadaka hakionjwi jikoni. Hakionjwi, na Amma hata kukinusa hapendi ukinuse. Akipika cha kupeleka mbele ya mungu anageuza uso pembeni kuvuta pumzi. Kwanza mto upate kula, ndipo tule sisi. Ukionja, utakachompelekea mama Kaveri ni makombo yako. Tangu nizaliwe sijawahi kutia ulimini chakula ambacho hakijatolewa, na hata siku ile, pamoja na wazimu wangu wote, mkono haukuthubutu.

Na kumwuliza? "Amma, umetia chumvi?" Maneno matatu. Niliyaweka mdomoni mara nne, nikayameza mara nne.

Nilizunguka jiko lile kama nimepoteza hereni. Nilipanga majani, nikayapangua. Nilihesabu bilauri, nikasahau hesabu, nikahesabu tena. Nilikuwa namwona Seshadri akitia tonge la kwanza mdomoni, wali umepooza, hauna ladha, anamtazama mkewe, na mkewe anatazama chini. Nilikuwa naiona nyumba hii imefungwa, baraza lina vumbi, Jembakam anasimama nje kuwaambia wapita njia habari zetu. Na Amma yeye, wala hana habari, anaimba kwa pua, akaingia chumbani kubadili sari. Kutoka huko ndani akasema, "Treni yao itakuwa imeshafika. Sikiliza mlango."

Nikapiga moyo konde.

Nikashusha mtungi. Nikatoa konzi nzima, nikaiponda haraka kwa tako la bilauri, nikafunua jani, nikanyunyiza. Mkono singeweza kuutia; ungetoka wa manjano, unanuka ukwaju, na Amma angejua kabla sijafungua mdomo. Nikachukua mwiko. Nikageuza mara saba, mara nane, haraka haraka, masikio yangu yakiwa chumbani, nikasawazisha, nikafunika. Mwiko nikauosha, nikaufuta, nikautundika mahali pake. Amma akatoka akirekebisha ncha ya sari begani.

"Unahema nini?"

"Joto, Amma."

"Aadi ni mwezi wa upepo, joto limetoka wapi? Wewe una wasiwasi tu. Tangu mdogo uko hivyo, unawatia watu kizunguzungu."

Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka, nikajiona nimemwokoa.

Wakafika, Seshadri na tumbo lake, Hemalata na miwani yake ya jua kichwani. Wakainama wakamgusa Amma miguu. Hata maji hawajanywa, Seshadri akaanza kazi ya bima.

"Amma, leo tarehe ngapi?"

"Wewe umepanda treni hujui tarehe?"

Hemalata akaziba mdomo. Seshadri akajaribu tena. "Na mjukuu wako siku hizi yuko darasa la ngapi?"

"La tisa. Na hesabu zinamshinda, sijui amerithi kwa nani." Akamtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini. "Umalize maswali yako, mkaguzi, mto hautusubiri."

Nilitaka kumbusu. Tukabeba vyakula, tukaenda mtoni, na njia nzima mimi ndiye niliyekuwa naongea, naongea, mpaka Hemalata akaniuliza kama nimekunywa kahawa nyingi. Amma alitembea mbele yetu na sinia kichwani, hakumpa mtu amsaidie. Seshadri akanisogelea akaninong'oneza, "Mbona yuko sawa kabisa?" Nikamjibu, "Si nilikwambia?" Uongo, sikuwahi kumwambia hivyo. Lakini roho ilitulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Ngazi za mto zilikuwa hazina pa kukanyaga. Walikuwa wamefungulia maji bwawani na Kaveri umejaa, wa rangi ya chai, unakwenda kasi, na askari mwenye kipaza sauti anawafokea watu wasishuke ngazi ya mwisho. Wasichana wanatupa shanga nyeusi majini, wake za watu wanafungana nyuzi za manjano shingoni. Tukapata nafasi karibu na nguzo. Amma akawasha taa ndogo, akapaka manjano, akatia maua, akachota tonge la kila wali akaliweka juu ya jani na kuliachia maji yakalichukua.

"Kula, mama," akauambia mto, kama anavyotuambia sisi.

Halafu akaanza kutugawia. Alipofunua wali wa ukwaju akasita. Akachota punje chache, akazisugua kati ya vidole viwili, akazileta karibu na macho.

"Punje zimevunjika," akasema, karibu anajisemea mwenyewe.

"Mchele wa mwaka huu mbaya, Amma," nikadakia. "Hata kwangu unavunjika hivyo hivyo."

Akanitazama. Halafu akagawa.

Seshadri ni mwanamume wa kula. Mimi nasema yeye haji Srirangam kwa ajili ya hekalu wala kwa ajili yetu. Anakuja kwa ajili ya wali huu. Akafinyanga tonge kubwa, akalitia mdomoni, na taya zikasimama. Akatafuna mara moja, akasimama tena. Akameza kwa shida, akanyoosha mkono kwenye chupa ya maji. Hemalata akaonja kidogo kwa ncha za vidole, akakohoa.

Nikatia tonge langu. Jamani! Ile haikuwa chumvi ya kuzidi, ilikuwa chumvi ya kukata ulimi. Na hapo hapo, tonge likiwa bado mdomoni, nikaelewa. Alikuwa ametia. Alitia kwenye rojo, ukwaju ukiwa unachemka, kabla mimi sijavuka kizingiti. Kwa kina Sampath nilifundishwa na mama mkwe kutia chumvi mwishoni, wakati wa kuchanganya, na nimepika hivyo miaka ishirini na mbili, nikasahau kwamba mama yangu mzazi ana njia yake. Ile konzi aliyoishika hewani ilikuwa ya wali wa mtindi. Akaitia nilipokuwa uani najimwagia maji miguuni.

"Amma," Seshadri akasema. Hakusema kwa ukali, na hapo ndipo palipouma. "Umetia chumvi mara ngapi?"

Amma akala tonge lake. Akatafuna taratibu, akameza. Akala la pili. Nikayaona macho yake yanatafuta. Yalikuwa yamerudi jikoni kwake, yanapita jambo moja baada ya jingine, haradali, dengu, Pappathi getini, na hayaoni kitu.

"Mara moja," akasema. Halafu akasema, "Nadhani mara moja."

Maishani mwangu sijawahi kumsikia Amma akisema nadhani.

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilijua ndipo. Lakini nilitazama kulia na kushoto. Niliuogopa mlango wenye kufuli, niliiogopa sura ya Hemalata, niliogopa watu wa ngazini, Jembakam yuko hatua tano kutoka kwetu na masikio yamesimama. Sikunyamaza muda mrefu. Nilinyamaza muda wa mtu kunywa funda la maji. Na katika muda huo Seshadri akafuta mkono wake kwenye jani, akasema kwa upole ule ule, "Basi, Amma. Ijumaa tutaondoka wote. Tusigombane leo, ni sikukuu."

Na Amma, ambaye anagombana na muuza maua kwa upana wa vidole viwili vya kamba, akasema, "Haya."

"Ni mimi!" Nilipiga kelele mpaka bibi harusi mmoja akageuka. "Chumvi nimetia mimi! Nilidhani amesahau! Alikuwa anabadili sari, mimi nikashusha mtungi nikatia nyingine! Yeye hana kosa!"

Seshadri akatikisa kichwa. "Kothai. Usifanye hivyo. Siku zote unamficha."

"Namficha? Nani alikwambia habari ya gesi? Si mimi?"

"Ni wewe. Na tangu siku ile unajuta."

Kweli, nilikuwa najuta, mjinga mimi. Hemalata akanishika mkono akaubana. "Wifi, una moyo mzuri. Hata mimi kwa mama yangu ningesema hivyo hivyo." Nilitaka kumng'ata.

Nikamgeukia Amma mwenyewe. "Amma, niamini. Nakuapia."

Akaweka kidole mdomoni pake. "Usiape uongo mbele ya mto, mwanangu. Na usinitetee. Wali nimepika mimi."

Kilichokwisha kuliwa na mungu hakitupwi, kwa hiyo tulikula wote, tonge la ukwaju kwa tonge la mtindi, kama tunakunywa dawa. Wali wa mtindi ulikuwa umekolea barabara. Nilikula huku machozi yananidondoka, Hemalata akafikiri ni pilipili.

Nyumbani Amma alikwenda moja kwa moja chumbani, akavuta sanduku la chuma kutoka chini ya kitanda, akaanza kutoa sari kabatini. Seshadri alikuwa barazani anaongea na simu kuhusu tiketi. Mimi niliingia chumbani, nikatoka, nikaenda uani, nikarudi, nikasimama mlangoni, nikaondoka tena. Kila nikipita namwona anakunja kitambaa kimoja, halafu anakifunua, anakitazama kama amesahau alikuwa anakifanyia nini. Sijui kama alisahau kweli au alishaanza kuwa vile tulivyomfanya. Nikaona hapana, mambo haya hayawezi kuishia hivi. Nikaingia nikaufunga mlango.

"Amma, nisikilize. Nilitumia mwiko."

Mikono ikasimama. "Mwiko gani?"

"Ule wa shaba, wenye mpini mrefu. Niliogopa kutia mkono, ungenuka ukwaju ungejua. Nikageuza mara saba, mara nane. Halafu nikauosha nikautundika. Punje hazikuvunjika kwa sababu ya mchele, Amma. Nilizivunja mimi."

Akakaa juu ya sanduku. Mimi nikasimama mbele yake, na ninaapa niliona jinsi mambo yalivyomrudia, moja moja, mpaka mabega yake yakakaa sawa.

"Nilitia kwenye rojo," akasema. "Ukwaju ulipoanza kutokota. Konzi moja na nusu. Ile nusu ni ya Seshadri, anapenda ikolee."

"Ndiyo, Amma."

"Na wakati Pappathi anaita, ile ilikuwa ya mtindi."

"Ilikuwa ya mtindi."

"Kwa hiyo nilitia mara moja."

"Mara moja, Amma. Mara moja tu!"

Nilikuwa nasubiri kofi. Nilikuwa nalitamani, nalitaka kabisa, na baada ya kofi matusi, na baada ya matusi kahawa. Nikafungua mlango nikamwita Seshadri kwa sauti ya kubomoa nyumba. Akaja na simu yake mkononi, Hemalata nyuma yake, na Amma akamhesabia asubuhi nzima, tangu alfajiri alipoloweka ukwaju mpaka alipobeba sinia, hakuruka hata dengu. Seshadri akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Loo," akasema. "Amma, kichwa chako kizima kuliko changu. Basi, mambo ya Ijumaa yamekwisha. Baki nyumbani kwako."

Nilitaka kuruka. Lakini Amma hakuwa anamtazama yeye, alikuwa ananitazama mimi.

"Kule mtoni," akaniambia, "nilipokuwa najitafuta kichwani nisijione, unajua niliogopa namna gani?"

"Najua, Amma."

"Hujui. Na wewe ulikuwa umekaa pale unanitazama."

Nikainamisha kichwa.

"Seshadri, tiketi usirudishe," akasema. "Nitakuja."

"Lakini Amma, si tumeshaelewana..."

"Wewe utaniambia usoni kwamba mimi mzee, kaa chini, kichwa kibovu. Nitabisha. Tutagombana kila siku asubuhi na jioni, na nitajua nagombana na nani. Hapa mimi nilidhani napika. Kumbe nikigeuza mgongo, kuna mtu anapika upya."

"Mara moja tu, Amma!" nikalia. "Maisha yangu yote, mara moja tu!"

"Labda. Lakini kuanzia leo nikipika kitu kikatoka kitamu, nitajiuliza, huu mkono wangu au wake? Siwezi kuishi na swali hilo kwenye jiko langu. Heri niishi bila jiko."

Hemalata akamvuta mumewe kwa kiwiko, wakatoka. Mimi nililia kwa sauti, bila aibu, mtu mzima mwenye mvi. Amma aliniacha nilie. Hakuninyamazisha wala hakunifukuza. Halafu akasimama, akavuta kutoka kwenye kamba sari yake ya yadi tisa, ambayo mtu mmoja hawezi kuikunja, akanitupia ncha moja.

"Shika huko," akasema.

Nikashika, nikarudi nyuma mpaka mlangoni ili ikae sawa.